Kengele, Shanga na Kesha: Historia ya Sala ya Kila Siku katika Mwambao wa Kibara

Sala ya kila siku, yaani desturi ya Mkristo kumwelekea Mungu kwa saa zinazojulikana, asubuhi anapoamka, mchana akiwa kazini na jioni kabla ya kulala, awe peke yake au pamoja na watu wa nyumbani mwake, ni jambo gumu kuliandikia historia kuliko ujenzi wa makanisa au ongezeko la waliobatizwa. Vitabu vya parokia huandika tarehe ya ubatizo, jina la msimamizi na siku ya ndoa, lakini havina safu ya kuonyesha nani alipiga magoti alfajiri ya Jumanne na nani alipitiwa na usingizi. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua jinsi desturi hiyo ilivyoota mizizi katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria, hususan Kibara na vijiji vinavyopakana nayo katika nchi za Bunda, Musoma na Butiama, hulazimika kuifuata kwa njia ya vyombo vyake: kengele, rozari, kalenda, kitabu na mlango wa jirani. Vyombo hivyo vikitazamwa kwa mfuatano wake vinaonyesha kwamba utashi wa mtu mmoja mmoja, ambao wahubiri huusifu sana, ulitenda kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Sala ilishika pale ilipopata kitu au mtu wa kuikumbusha, na kikumbusho kilipoondoka ililegea mpaka kikapatikana kingine.

Kibara imo katika wilaya ya Bunda, kwenye rasi inayoingia ziwani kuelekea kisiwa cha Ukerewe, na upande wake wa kusini unatazama Ghuba ya Speke. Ukitoka Kibara kwenda magharibi barabara huishia Kisorya, ambako kivuko huwavusha wasafiri hadi Rugezi upande wa Ukerewe, na kwa sababu hiyo watu wa rasi hiyo, Wajita, Wakerewe, Wakara na wengineo, wamekuwa wakiangalia maji kama njia, wala si kama mpaka. Kazi za mahali hapo ni za aina mbili zisizofanana kwa saa zake. Mkulima wa muhogo, mtama na pamba huamka kabla ya jua kuwa kali, akalima mpaka joto limshinde. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji usiku usio na mwezi ili samaki wakusanyike, naye hurudi nchi kavu wakati mkulima anashika jembe. Tofauti hii ndogo ina uzito mkubwa katika historia inayosimuliwa hapa, kwa sababu karibu kila utaratibu wa sala ulioletwa ziwani ulitungwa na watu waliolala usiku.

Haiwezekani kusema kwamba wenyeji walisubiri wamisionari ndipo waanze kumwomba Mungu. Jina la Namuhanga, Muumba, lilikuwa midomoni mwa Wakerewe na jirani zao, na mizimu ya ukoo ilikuwa na heshima na haki zake nyumbani. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896 na kulelewa katika misheni ya Kagunguli, alieleza maisha hayo kwa undani usio na kifani katika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, ambayo aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo ilitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Kiini cha masimulizi yake ni mume na mke wanaotafuta mtoto, nao huenda kwa waganga na kuwakumbuka wahenga kwa sababu wana shida inayowasukuma. Ibada ya zamani kwa sehemu kubwa ilikuwa ya namna hiyo: iliitikia tukio, kama vile ugonjwa, utasa, mvua iliyochelewa au safari ya hatari, na kiongozi wake alikuwa mkubwa wa nyumba au mtaalamu aliyeitwa kwa ajili ya jambo hilo. Ukristo ulikuja na sala isiyosubiri shida, iliyotakiwa kusemwa hata siku ambayo hapakuwa na la kuomba, na iliyomhusu mtoto na mjane sawasawa na baba mwenye mji. Jambo hilo ndilo lililokuwa geni, na ndilo lililohitaji kufundishwa kwa miaka.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko misheni yoyote. Kitabu cha Danieli kinamtaja nabii huyo akipiga magoti mara tatu kwa siku, dirisha likiwa wazi kuelekea Yerusalemu, na Didakhe, maandishi mafupi ya mafundisho ambayo wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, yanaagiza sala ya Baba Yetu isemwe mara tatu kila siku. Watawa wa Ulaya waliikuza desturi hiyo mpaka ikagawa mchana na usiku wote kwa zaburi, ila zaburi 150 zilihitaji mtu anayejua kusoma, na wakulima wengi wa zama hizo hawakujua. Rozari, ile kamba yenye shanga ambayo katika umbo lake kamili la zamani ilihesabu Salamu Maria 150, ilikua polepole kama badala ya zaburi hizo kwa wasio na kitabu, nayo ikawa chombo kilichofaa sana kusafirishwa kwenda nchi ambako kitabu kilikuwa bado hakijafika.

Wamisionari wa kwanza kuonekana katika maji hayo walikuwa Waanglikana wa Church Missionary Society, ambao safari yao iliishia pabaya: Shergold Smith na Thomas O'Neill waliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877, walipojikuta katikati ya ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Miaka michache baadaye walikuja Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie. Walipiga kambi Bukumbi, kusini mwa ziwa, mwaka 1883, wakaingia Ukerewe na kujenga Kagunguli, na mwaka 1911 wakafungua Nyegina, kilomita chache kutoka Musoma, ambayo ndiyo mama wa misheni za Kikatoliki za nchi ya Mara.

Mavazi yao yalikuwa fundisho kabla hawajafungua kinywa, kwa kuwa Lavigerie aliwavika kanzu nyeupe ya Afrika Kaskazini na kuwaning'iniza rozari shingoni, hivyo yeyote aliyewahi kuwaona wafanyabiashara wa pwani na tasbihi zao alitambua mara moja kwamba hawa nao ni watu wa kuhesabu maombi. Kanuni zao ziliwataka wakae watatu au zaidi katika kila kituo, waamke kabla ya alfajiri, watumie karibu nusu saa katika tafakari ya kimya kabla ya Misa, na waandike shajara ya nyumba siku kwa siku. Mtu anaweza kubishana kuhusu mengi waliyoyafanya, lakini ni vigumu kukana kwamba walikuja wakiwa tayari wamezoea kile walichotaka kuwafundisha wengine, na kwamba majirani wa misheni waliona sala ikifanyika kwa saa ileile, mvua inyeshe isinyeshe, muda mrefu kabla ya kuelezwa maana yake.

Njia yao ya kufundisha ilikuwa ukatekumeni, yaani kipindi cha maandalizi ya kupokea ubatizo, ambacho Lavigerie alikipangia miaka minne: miwili ya kwanza kwa mtu anayeomba kupokelewa, miwili ya pili kwa mkatekumeni kamili. Baadhi ya wakuu wa misheni, hata ndani ya Kanisa Katoliki, waliona muda huo umezidi, na wahubiri wa madhehebu mengine walibatiza kwa haraka zaidi. Hata hivyo miaka minne ilikuwa na tija moja ambayo hesabu za ubatizo haziionyeshi. Mwombaji aliyepewa medali ya kuvaa shingoni alikuwa anakutana na katekista, yaani mwalimu wa dini asiye padre, mara kadhaa kwa juma, akarudia Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, Amri na sala za asubuhi na jioni mpaka zikamkaa ulimini kama nyimbo za mavuno. Na kwa kuwa alihojiwa kabla ya kupandishwa daraja, uvivu wake ulijulikana. Wakosoaji wa baadaye walikuita kukariri huko ukasuku, na kuna ukweli ndani yake, ila wakosoaji hao kwa kawaida walikuwa watu wenye taa na vitabu. Kwa mwanamke asiyejua kusoma, anayetoka kisimani gizani na mtungi kichwani, sala iliyo moyoni ndiyo pekee anayoweza kuisali bila kutua mzigo.

Juu ya kukariri kuliwekwa kengele. Sala ya Malaika wa Bwana, inayokumbuka Maria kupashwa habari ya kuzaliwa kwa Kristo, husaliwa mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Kengele hulia mapigo matatu, ikatulia wakati wa aya na kiitikio na Salamu Maria moja, ikalia tena matatu, ikatulia, ikalia tena matatu, kisha hufuata mapigo mfululizo ya kumalizia. Penye misheni palikuwa na kengele ya shaba iliyotoka Ulaya; penye kigango, yaani kituo kidogo cha sala kilicho mbali na parokia, katekista aligonga rimu ya lori iliyotundikwa mtini au kipande cha chuma cha reli, na mlio wake ulisikika mbali kuliko wengi wanavyotarajia. Hapo Kibara saa zenyewe zilikuwa na kasoro ya kijiografia, kwa maana sehemu hiyo ya nchi iko magharibi sana ya mstari unaotumika kupangia saa za Tanzania, na kwa saa za leo jua lake huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro dakika chache, kutegemea mwezi. Kengele ya asubuhi kwa hiyo hulia kungali giza, na ile ya jioni hulia jua lingali juu ya ziwa, kabla ya ng'ombe kufungwa. Wenyeji waliizoea hivyo. Kengele ikawa saa ya kijiji kizima, hata kwa wasiokuwa Wakristo, ambao waliitumia kujua wakati wa kuwasha moto au kumwamsha mtoto wa shule.

Kaskazini kidogo, katika nchi ya Majita, sala ya kila siku ilichukua sura nyingine kabisa. Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walianza kazi huko mwaka 1909, kisha vikafuata vituo vingine kuelekea bara, Ikizu kikiwemo. Hawakuwa na Malaika wa Bwana wala rozari. Nguzo yao ilikuwa Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapotua na kuisha Jumamosi jua linapotua, na jamaa hukusanyika kuifungua na kuifunga kwa wimbo, somo na sala. Kwa mpango huo juma zima lilipata mteremko wake: Alhamisi mtu alishafikiria kuni na unga wa Sabato, Ijumaa alasiri shamba liliachwa mapema. Kipimo chao kilikuwa jua lenyewe, ambalo halikuhitaji chuma cha kugonga, na katika hilo walipatana na nchi ya ziwa kuliko walivyopatana Wakatoliki na saa zao.

Siku za katikati ya juma zilijazwa na vyombo viwili vya karatasi. Cha kwanza ni lesoni, yaani mwongozo wa kujifunza Biblia unaotolewa kila robo mwaka na kugawanywa katika majuma 13, kila juma likiwa na sehemu ya kusoma kwa kila siku. Asili yake ni masomo ambayo James White alianza kuyachapa Marekani mwaka 1852 katika gazeti la vijana. Cha pili ni Kesha la Asubuhi, kitabu cha mwaka mzima chenye aya na tafakari fupi kwa kila tarehe. Wazo la kesha hilo halikubuniwa na Waadventista peke yao: mwishoni mwa karne ya 19 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani walikuwa wakiahidiana kutenga dakika za kwanza za asubuhi kwa Biblia na sala, na John Mott aliieneza desturi hiyo katika mabara kadhaa. Waadventista waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20 na kuitia katika kalenda, jambo lililoibadilisha sana. Nia njema ya mwanafunzi wa Cambridge ilikuwa kati yake na Mungu wake. Aya yenye tarehe ilimwambia muumini wa Majita kwamba asubuhi ileile jirani yake, na nduguye aliyehamia Mwanza, wanasoma mstari uleule. Aidha, katika shule ya Sabato, kabla ya somo kuanza, darasa huulizwa ni nani aliyejifunza kila siku, na jibu huandikwa. Hakuna chombo kingine katika historia hii kilichokaribia hivyo ile safu ambayo vitabu vya parokia havina.

Vita Kuu ya Kwanza ilikijaribu kila kituo cha Kijerumani. Waingereza na Wabelgiji walipoitwaa nchi ya ziwa mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa waumini wa Majita walibaki na walimu wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Waingereza wa kanisa hilohilo walipokuja baadaye kuendeleza kazi, walikuta ibada haijafa. Ni halali kuuliza kilichoidumisha, na jibu linaloelekea zaidi ni kwamba Sabato na somo la jioni havikuhitaji mtu aliyewekewa mikono. Baba aliyejua kusoma, na hata mtoto wake aliyejua kusoma, alitosha kuifungua Sabato. Kwa Wakatoliki, ambao padre ndiye mwenye Misa, mzigo huohuo wakati padre yuko mbali ulimwangukia katekista. Yeye ndiye aliyegonga chuma, akaongoza sala za jioni, akawazika wafu na kuwapima wakatekumeni, huku posho yake ikiwa ndogo na mara nyingi akilima kama wengine. Historia za misheni zimejaa majina ya maaskofu; nafasi ya makatekista ndani yake hailingani hata kidogo na kazi waliyoifanya.

Mwaka 1934 walifika Wamennonite kutoka Pennsylvania, wakiongozwa na Elam Stauffer, wakaanza Shirati karibu na mpaka wa Kenya, kisha wakashuka Bukiroba, Mugango na Bumangi, yaani mpaka mlangoni mwa Wakwaya, Waruri na Wazanaki. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, kituo cha Nassa kilikuwa kimekabidhiwa na Waanglikana kwa Africa Inland Mission tangu mwaka 1909, na desturi za makanisa haya mawili zilifanana: sura ya Biblia, wimbo na maombi ya kujitungia, asubuhi na jioni, nyumba nzima ikipiga magoti. Ugumu wao ulikuwa lugha. Sala ya kujitungia humtaka mtu awe na maneno yake, na sura ya Biblia humtaka awe na Biblia; Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwapo tangu 1891 kwa lahaja ya Unguja na 1914 kwa ile ya Mombasa, lakini Kiswahili kilichokubaliwa na makanisa mengi, cha Union Version, kilipatikana kwa Biblia nzima mwaka 1952 tu, na kabla ya hapo wengi wa mwambao huo walikuwa wakisoma lugha ambayo hawakuitumia jikoni.

Uamsho wa Afrika Mashariki uliingia Shirati mwaka 1942. Mkondo huo, uliotokana na urafiki wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church uliofungamana Kampala mwaka 1929, na kupata nguvu Gahini nchini Rwanda, ulivuka mipaka ya makanisa na makabila kwa kasi, na ishara yake ilikuwa kuungama dhambi hadharani na wimbo wa Tukutendereza. Kwa habari ya sala ya kila siku, Uamsho ulikuwa na nyuso mbili. Kwa upande mmoja waliookoka waliikemea dini ya mazoea, sala inayosemwa kwa sababu kengele imelia, na wakawauliza hata wachungaji wao kama mioyo yao iko hai. Kwa upande wa pili, mtu aliyeokoka alitarajiwa kuonekana katika mikutano ya ushirika kila juma, na zaidi ya mara moja kwa juma penye moto, aeleze jinsi alivyotembea na Bwana tangu walipoonana. Aliyeikataa kengele akawa amejifunga kwa macho ya ndugu zake. Zedekiah Kisare, aliyepitia Uamsho huo na kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania mwaka 1967, ni mfano wa kizazi ambacho nidhamu yake ilitengenezwa katika vikao hivyo kuliko katika chumba cha faragha.

Upande wa Wakatoliki, Mapadre Weupe walianza kuwaachia nafasi Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani mwaka 1946, na Musoma ikawa jimbo mwaka 1957 chini ya Askofu John Rudin. Wamarekani hao walikuwa wepesi wa kujaribu mambo. Walijenga shule ya Kiswahili Makoko kwa ajili ya wageni, na katika kituo cha Komuge waliwafundisha makatekista pamoja na wake zao, kwa kutambua, ingawa kwa kuchelewa, kwamba sala ya nyumbani inamtegemea mama kuliko baba anayelala ziwani au dukani. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, uliofungwa mwaka 1965, uliingiza Kiswahili katika Misa, na kwa mara ya kwanza maneno ya altareni na maneno ya nyumbani yakawa ya lugha moja.

Mtoto mashuhuri kuliko wote wa ukatekumeni wa Nyegina alitoka Butiama. Julius Nyerere alianza kufundishwa dini alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Mwisenge, Musoma, alikoingia mwaka 1934, akabatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere na baba yake, Mtemi Burito, akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Maandalizi yake kwa hiyo yalizidi hata ile miaka minne ya Lavigerie. Wengi wamesoma siasa yake. Wachache wamezingatia kwamba katika miaka yote ya madaraka alijulikana kwa kuhudhuria Misa ya alfajiri karibu kila siku, hasa katika kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, kabla ya kwenda kazini, na kwamba alipostaafu na kurudi Butiama hakuiacha desturi hiyo. Tenzi zake za Injili na za Matendo ya Mitume, zilizotoka mwaka 1996, ni kazi ya mtu aliyekaa na Maandiko siku baada ya siku kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna anayeweza kutia Injili nne katika vina na mizani kwa kuzitembelea Jumapili tu. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, na tangu hapo huitwa Mtumishi wa Mungu. Pamoja na hayo, kumfanya kielelezo cha sala kwa mkulima wa Kibara kunapotosha kidogo: Rais alikuwa na kanisa karibu, padre wa kila siku na gari la kumfikisha. Mkulima aliye kigangoni huenda akaonana na padre mara chache kwa mwezi.

Tatizo la mkulima huyo lilipata jibu lake katika miaka ya 1970, na jibu lilitoka pande mbili zisizopatana. Serikali, kwa Operesheni Vijiji, iliwatoa watu katika miji yao iliyotawanyika na kuwapanga katika safu za nyumba, mara nyingi kwa nguvu na kwa hasara ya mazao. Wakati huohuo maaskofu wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliamua katika mikutano yao ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani makundi ya kaya jirani zinazokutana nyumbani kwa zamu, kusoma Injili, kusali na kusaidiana. Mkoa wa Mara ulikuwa na mchango wake katika fikra hiyo, kwa sababu Marie-France Perrin Jassy, mtafiti aliyefanya kazi na Maryknoll miongoni mwa Wajaluo wa kaskazini mwa mkoa mwishoni mwa miaka ya 1960, alionyesha kwamba makanisa madogo ya kujitegemea yaliwavuta watu kwa udogo wake: kila mtu alijulikana kwa jina na alikuwa na kazi ya kufanya. Maaskofu hawakuitisha vijiji vya ujamaa, na serikali haikukusudia kueneza rozari, lakini jumuiya yenye kaya kumi hivi isingewezekana kirahisi pale ambapo mji na mji ulitenganishwa na mwendo wa robo saa.

Kwa jumuiya, kikumbusho kiliingia mlangoni. Katika miezi ya Mei na Oktoba wanajumuiya husali Rozari kila jioni katika nyumba tofauti. Ratiba huandikwa mapema, na mwenye zamu hujikuta akifagia kiwanja, akiazima mkeka na kutafuta mshumaa, kwa kuwa leo Mama Maria anafika kwake. Asiyeonekana siku mbili huulizwa habari zake, siku ya tatu hufuatwa nyumbani, na kama anaumwa Rozari huhamia kitandani kwake. Kuna manung'uniko pia, hasa kuhusu michango inayofuata sala na kuhusu wanaume wanaowaachia wake zao uwakilishi wa kaya. Viongozi wa jumuiya huyajua vizuri na hawana dawa ya haraka. Katika Jimbo la Bunda, lililoundwa mwaka 2010 kwa kuunganisha sehemu za Musoma na Ukerewe iliyokuwa chini ya Mwanza, ratiba za pande zote mbili za kivuko cha Kisorya zinafanana kwa kila kitu isipokuwa majina ya wenye nyumba.

Radio Maria, iliyoanza kurusha matangazo nchini mwaka 1996, na baadaye simu za mkononi, zimeongeza safu nyingine juu ya zile za zamani bila kuzifuta. Masifu ya asubuhi, sala ambayo zamani ilikuwa ya mapadre na watawa, sasa husikika jikoni. Somo la siku hutumwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa 12. Kesha la Asubuhi hubebwa mfukoni bila karatasi. Kwa upande mmoja ni kikumbusho bora kuliko vyote, kwa kuwa hakihitaji kengele wala jirani. Kwa upande mwingine simu hukumbusha bila kuuliza, tofauti na mwalimu wa shule ya Sabato mwenye daftari lake, na ujumbe wa tafakari unaweza kupelekwa kwa watu 40 na mtu ambaye hakuusoma.

Kundi lililofaidika zaidi na mabadiliko hayo ni lile lililosahauliwa na kengele tangu mwanzo. Mvuvi wa dagaa, ambaye saa 12 asubuhi anavuta wavu au anatafuta bei ufukweni, na saa 12 jioni anapakia taa mtumbwini, hakuwahi kuwa na nafasi katika Malaika wa Bwana, na mwezi wa Rozari wenye siku 31 humkuta ziwani karibu nusu ya jioni zake, zile za giza. Makambi ya uvuvi ya mwambao huo yamesifika siku nyingi kuwa mahali pagumu kwa dini, na wahubiri wameyalaumu kwa pombe na kwa watu kuhamahama. Lawama hiyo ina msingi, lakini nayo ilitolewa na watu waliolala usiku. Lakini kwa sala ya pamoja, jumuiya zinazowataka wanaume hao zimebaki na njia moja inayofanya kazi, nayo ni kupanga mikutano yao kwa mbalamwezi, siku ambazo mwanga wa mbinguni huishinda taa ya mvuvi, dagaa hawakusanyiki na mitumbwi hubaki nchi kavu.